Karatasi Tupu ya Jemadari

Koekelberg, Bruxelles, 6 Septemba 2025

Mpwa wangu Priscille,

Barua hii naiandika kwa kalamu, kisha mke wangu Maman Cécile ataipiga picha akutumie kwa simu. Usinicheke. Simu najua kuitumia, ila nikiandika kwa kidole gumba mawazo yangu hukatikakatika kama tambi, na mtu aliyefundishwa mwandiko na mapadri wa Bukavu hawezi kumwandikia mtoto wa dada yake hivyo.

Habari za Kolwezi? Mama yako ananiambia kwamba pale mgodini Wachina na watu wetu wakianza kufokeana, wanakuita wewe, na ukishatafsiri kila mtu anarudi kazini. Nimewaringishia majirani mpaka wamechoka.

Sasa nina kazi kwa ajili yako. Mwezi wa saba aliingia katika karakana yangu ya kujalidi vitabu, kule Molenbeek, bibi mmoja wa miaka themanini na moja, Madame Tan. Kwa miaka mingi alikuwa na mkahawa huko Woluwe. Alileta gombo, yaani ukurasa mmoja mrefu wa mita nne uliokunjwa kwenye kijiti. Anasema aliliandika babu wa babu yake, Tan Boyuan, aliyekuwa msomi wa vitabu tu mpaka mfalme alipompa jeshi akawa jemadari. Mashairi yake na barua zake zimechapishwa, zimo katika maktaba, lakini kilichoandikwa kwa mkono wake mwenyewe familia imebaki na hiki kimoja. Maji yaliingia katika chumba chake cha chini wakati wa baridi, na gombo likaota ukungu.

Gombo la Kichina ni mara yangu ya kwanza, ila karatasi ni karatasi. Nimelisafisha, nimelibandika mgongo mpya kwa gundi ya unga wa ngano. Mwishoni, upande wa kushoto, kulikuwa na karatasi tupu ya mita moja na nusu, haina hata nukta, ukingo wake mweusi kwa ukungu. Niliikata sawasawa baada ya muhuri wa mwisho. Sasa gombo linaishia mahali pake, safi, kama shati lililopigwa pasi.

Madame atalichukua tarehe 8 Novemba, siku ndugu zake watakapokusanyika. Kuna jambo anataka kulifanya kwenye gombo siku hiyo. Sikulielewa vizuri, alikuwa anaongea mbio huku akiangalia tramu yake.

Nakutumia picha kumi na nne. Nimelishika gombo hili miezi miwili bila kujua linasema nini, na inanikera. Nisomee, mama.

Tonton wako,
Bienaimé

* * *

Kolwezi, 11 Septemba 2025

Tonton yangu mpendwa,

Umenipa mtihani! Kichina changu ni cha kreni, helmeti na mikataba. Huyu jemadari wako anaandika Kichina cha zamani, maneno machache, kila moja limebeba gunia. Siku ya kwanza nilielewa "theluji", "maharage" na "mke wangu", basi.

Ikabidi nimwonyeshe Bwana Hu, mpishi wa kambi yetu. Ni mtu wa mkoa uleule wa jemadari, na hajawahi kunisemesha zaidi ya "Dada, pilipili?" Alipoona picha akazima jiko. Kumbe kwao watoto hukariri shairi moja la Tan Boyuan shuleni. Alilighani lote jikoni, mwiko mkononi, wali ukaungua, na wachimbaji hamsini wakala ukoko. Tangu siku hiyo tunasoma pamoja kila baada ya chakula cha mchana.

Nilitegemea mapanga na bendera. Hakuna. Ni mashairi kumi na mawili aliyomwandikia mke wake wakati analinda njia ya mlimani kwa miaka mitatu. Moja linauliza kama maharage yamepanda kwenye miti aliyoichomeka yeye. Lingine linasema amewafundisha askari wake wote kuandika majina yao, jina tu, kwa sababu hapendi kumzika mtu ambaye hajawahi kuliona jina lake. Hapo Bwana Hu alifuta macho kwa aproni akasingizia kitunguu.

Baada ya mashairi kuna mistari ya watu wengine, kila mmoja na muhuri wake. Ni desturi yao, tonton. Anayeachiwa gombo huandika chini ya aliyemtangulia. Mtoto wa jemadari ameandika: "Nimesoma mara nne. Mvua haijaacha." Mjukuu wake: "Tumeuza mashamba. Hili hatukuuza." Wa mwisho ni mwanamke, mwaka 1948: "Nimevuka bahari, hili likiwa ndani ya gunia la mchele. Tumefika Antwerpen. Binti yangu amelala." Piga hesabu, tonton. Binti aliyelala ni huyo Madame Tan wako, alikuwa na miaka minne.

Sasa kaa chini. Mstari wa mwisho wa jemadari mwenyewe unasema: "Nimeacha karatasi. Atakayesoma aandike alichokiona." Ile karatasi tupu ni sehemu ya kazi yake, labda ndiyo sehemu aliyoijali kuliko zote. Hilo jambo Madame anataka kulifanya tarehe 8 nadhani ni hilo, kuandika chini ya mama yake. Amengoja miaka sabini na saba, na wewe umekata palepale anapotakiwa kuweka brashi.

Niambie karatasi ipo. Irudishe kwa gundi yako ya ngano kabla hajajua, halafu tucheke.

Mpwa wako,
Priscille

* * *

Koekelberg, 20 Septemba 2025

Mpwa wangu,

Asante kwa tafsiri. Nimeisoma mara nyingi. Yule jemadari ni mtu mzuri, na Bwana Hu msalimie sana.

Hapa hali ya hewa inabadilika, asubuhi ukungu unafunika Basilika nzima mpaka unaona msalaba tu. Kwaya ya Maman Cécile inajiandaa kwa sherehe ya miaka ishirini. Mguu wangu wa kushoto unauma kidogo lakini si kitu.

Kuhusu karatasi usiwe na wasiwasi. Najua ilipo.

Nina swali la ufundi tu. Mtu akipata karatasi mpya ya aina ileile, akaipaka chai kidogo ili ionekane ya zamani, je, Mchina anaweza kujua? Muulize Bwana Hu, lakini usimwambie ni kwa sababu gani. Nauliza kwa ajili ya elimu.

Tonton wako,
Bienaimé

* * *

Koekelberg, 24 Septemba 2025

Priscille, mtoto wangu,

Leo naandika mimi, na tonton wako hajui. Tangu barua yako ifike hali chakula vizuri. Nampikia sombe ya majani ya mihogo anayoipenda, anachezea kijiko. Jumapili kwenye mazoezi ya kwaya nilimwona amekaa nyuma, macho kwenye kitabu chetu cha nyimbo, kama mtu aliyekutana na mkwe wake sokoni bila viatu. Tulipofika nyumbani nikambana.

— Bienaimé, uko na nini? Ni ugonjwa ao ni mambo ya wanamuke?
— Cécile, acha. Iko shida ya kazi.
— Shida gani? Ongea, bon, niko bibi yako!

Akaongea. Unakijua kitabu chetu kikubwa, kile tulichokuja nacho toka Bukavu, chenye nyimbo zilizoandikwa kwa mkono na watu ambao wengine hawapo tena. Hakuna kingine. Kurasa zilikuwa zimechanika, na mwezi wa saba tonton wako alituletea kimetengenezwa, kurasa ngumu, tukampigia makofi kanisani. Karatasi aliyotumia kuziba ni ile ya jemadari. Anasema ni nyembamba na ina nguvu, hajawahi kushika nzuri hivyo, na yeye karatasi nzuri hatupi. Aliikatakata vipande kumi na kimoja. Kilichobaki kizima kina upana wa kiganja.

Bertin, katibu wetu, ameshaandika juu ya kipande kimojawapo, kwa sababu kiliziba maneno yaliyokuwa chini yake. Ameandika kwa wino wa zambarau.

Sasa tonton wako amenunua karatasi mpya. Naiona jikoni, imetandazwa, imepakwa chai yangu. Anataka kuibandika anyamaze, yule bibi aandike juu yake bila kujua. Nimemwambia ni uongo. Akanijibu: "Cécile, ule mama ataumia. Hivi ataandika na furaha." Na mimi nikarudi kwenye sufuria yangu, kwa sababu hiyo nayo ni kweli.

Wewe ndiwe umesoma maneno ya jemadari. Ongea naye. Mimi amenizoea.

Maman Cécile

* * *

Kolwezi, 28 Septemba 2025

Tonton,

Maman Cécile ameniambia yote. Usimkasirikie, amefanya hivyo kwa kuwa anakupenda, na chai ni yake.

Nimekasirika, nisikufiche. Nilikasirika jana mchana kutwa, nikatafsiri vibaya mkutano mzima wa mambo ya saruji. Jioni nikakumbuka vitabu vyangu vya shule ulivyovishona kwa uzi wa kushonea viatu ili vifike mpaka mdogo wangu wa mwisho. Kutotupa karatasi ndiyo tabia yako. Hukufanya kwa ubaya.

Lakini ile ya chai ni kitu kingine. Nilimuuliza Bwana Hu swali lako la elimu, na sababu yake nikamwambia. Akajibu kwa Kiswahili chake: "Dada, karatasi mupya haina shida. Muntu ya kudanganya iko shida." Kisha akasema Madame atakapoandika kwenye karatasi ya uongo, atakuwa peke yake. Mama yake atakuwa upande mmoja wa gundi, yeye upande mwingine, na wewe utakuwa mtu pekee duniani anayejua. Utaweza kulibeba hilo kila ukipita Woluwe? Wewe ambaye ukizidishiwa mkate dukani unaurudisha hata mvua ikinyesha?

Nenda kwake. Nenda kabla hajauliza, usingoje tarehe 8. Umwambie kwa mdomo wako, usimtume Maman Cécile. Akikufukuza, utakuwa umefukuzwa kwa haki, na mimi nitakupigia simu tulie pamoja.

Halafu niambie: gundi ya ngano inabanduka?

Priscille

* * *

Koekelberg, 19 Oktoba 2025

Mpwa wangu Priscille,

Inabanduka. Ukiwa na kitambaa chenye unyevu na subira, inabanduka.

Nilikwenda Woluwe siku ya Alhamisi baada ya barua yako. Nilivaa koti la harusi. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya Kifaransa, na nilipofunguliwa mlango ikanitoka yote. Nikasema tu: Madame, nimekata karatasi ya jemadari, nimeitumia kuziba kitabu cha nyimbo za kanisa. Nikamwekea mezani kile kipande cha kiganja.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikishika kile kipande, akakigeuza huku na huku, akaenda kusimama dirishani amenipa mgongo. Nilihesabu vigae vyote vya sakafu yake. Aliporudi alikuwa amelia, na mimi nikalia pia, mtu mzima na koti la harusi. Akasema tangu achukue pensheni anafanya mazoezi ya brashi kila siku kwenye magazeti, kwa ajili ya mstari mmoja tu. Mwaka jana hata hakuweza kuandika, mkono ulikuwa unatetemeka. Mwaka huu umetulia kidogo.

Kisha akauliza: "Hizo nyimbo zenyewe ni nzuri?" Nikamwambia Madame, mimi si wa kupima, mke wangu ndiye anaongoza. Akasema basi nataka kuziona.

Akaja Jumapili kwenye mazoezi, amevaa kofia ya sufu, akakaa mstari wa mbele. Cécile alimfungulia kitabu, akamwonyesha kila kipande kilipo. Bibi alipitisha kidole. Halafu Cécile akasimama mbele ya kwaya nzima, na wewe unajua sauti yake:

— Bandugu, hii karatasi haiko ya kwetu. Iko ya babu ya huyu maman. Tutaitosha yote mu kitabu, tumurudishie. Kila muntu achukue kalamu na daftari, aandike wimbo mbili mbili kwanza, kisha tufungue kitabu. Nani anakatala?

Hakuna aliyekataa. Bertin alinung'unika kwamba mwandiko wa mwimbaji mwenzake Mignonne hausomeki, lakini naye akaandika. Sasa nyimbo zipo katika madaftari kumi na tisa, wakati kwa miaka ishirini zilikuwa katika kitabu kimoja ambacho moto ungekimaliza kwa dakika tano. Nashangaa kwamba hatukuwahi kufikiria hilo.

Nimebandua vipande vyote kumi na kimoja. Kimoja kimechanika, tisa ni vizima, na kimoja ni kile cha Bertin chenye maneno ya zambarau, "Wote, mara mbili". Wino hautoki. Nimejaribu pembeni, unasambaa tu. Nilimwambia Madame nitakiacha nje. Akasema hapana, karatasi ni moja, virudi vyote.

Nimeviunga na kile cha kiganja, nimevirudisha baada ya muhuri wa mama yake. Viungo vinaonekana. Kama ingekuwa kazi ya mwanafunzi ningemrudishia. Ile karatasi ya chai Cécile amefungia mihogo.

Tonton wako,
Bienaimé

* * *

Koekelberg, 9 Novemba 2025

Priscille,

Jana Madame aliandika.

Tulialikwa, mimi na Maman Cécile. Walikuwepo watoto wake, wajukuu, chakula kingi mno, na Cécile alipeleka sambusa zikaisha kabla ya vyote. Kisha meza ikafutwa, gombo likatandazwa, watu wakasogea karibu. Bibi aliketi wima kama mtoto wa shule. Aliandika polepole sana. Mkono ulitetemeka mara moja tu, katikati, akauinua, akapumua, akaendelea. Nilidhani ataandika mstari mmoja kama wenzake, kumbe aliandika kama mistari sita, mpaka karibu na zambarau ya Bertin. Mjukuu wake mkubwa akagonga muhuri.

Wajukuu wake wawili wanaosoma Kichina waliinama kusoma. Kisha wakainua vichwa wakanitazama mimi. Mmoja aliniongezea chai.

Sikuthubutu kuuliza, mpwa wangu. Nilimshukuru Madame, akanishika mikono yote miwili, tukatoka. Ndani ya metro Cécile ananiambia: "Si umuulize tu?" Nitamuulizaje? Kosa nililifanya, nimelikiri, na yule bibi ana haki ya kuandika lolote. Lakini gombo lile litaishi miaka mia mbili mingine. Watoto wa watoto wake watalifungua wasome kwamba palikuwa na mtu mmoja Bruxelles, Mkongo, aliyekata karatasi ya jemadari. Nimekuwa fundi miaka arobaini. Vitabu vyote nilivyovifunga jina langu halimo, na sasa naogopa kwamba mahali pekee lilipo ni hapo, na kwa ajili hiyo.

Nimepiga picha kabla hawajakunja. Nisomee. Usipunguze na usitie sukari, najua tabia yako. Kama ni baya, liandike kama lilivyo.

Tonton wako,
Bienaimé

* * *

Kolwezi, 12 Novemba 2025

Tonton yangu,

Nimesoma na Bwana Hu, neno kwa neno, mara tatu, nisije nikakosea. Sijapunguza wala kuongeza. Ameandika hivi:

"Nina miaka themanini na moja. Naandika chini ya mama yangu. Sikuwa nimelala kwenye meli, nilifumba macho tu ili asiogope. Karatasi hii ilikatwa, ikashikilia nyimbo za watu wa Bukavu kwa msimu mmoja, ikarudi kwangu. Aliyeikata anaitwa Bienaimé. Alikuja kuniambia mwenyewe wakati nilikuwa sijui kitu, akaiunga kwa mikono yake. Maneno ya zambarau siwezi kuyasoma. Nayo yakae."

Kwa hiyo ndiyo, tonton, kosa lako limeandikwa, na halitafutika. Atakayefungua atalisoma. Na kila atakayelisoma atasoma na mstari unaofuata, kwa sababu ameyaandika pamoja, bila kuacha nafasi katikati. Jina lako limechukua herufi nne za Kichina. Bwana Hu anasema hakuandika tu zilizomjia, alizichagua moja moja kwa maana yake.

Nililia, mimi ambaye nilikuwa nimekukasirikia mchana kutwa. Nina furaha sana, tonton, siwezi kukuambia.

Bwana Hu yeye aliendelea kuitazama picha baada ya mimi kumaliza. Alianza na jemadari, akamfuata mtoto, mjukuu, yule mama wa gunia la mchele, mpaka akafika kwenye herufi zako nne, akaweka kidole pale.

"Hii nayo iko nani?" akaniuliza, kama vile hajui.

Nikamwambia ni tonton wangu.

Priscille